Abati Mendel na Siri ya Mbegu

Mtu akishuka kutoka milima ya Rungwe kuelekea ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, huingia katika nchi ya Kyela, na humo huiona Busale, mahali ambapo mikakao imesimama kivulini na migomba imezizunguka nyumba za watu. Akiendelea mbele hata mabondeni ataukuta mpunga, ambao sifa ya harufu yake imefika Dar es Salaam na kupita. Mimea hiyo mitatu hukaa pamoja kama majirani wema, lakini kila mmoja una desturi yake ya kuzaa. Mpunga hujitungia mbegu ndani ya ua lake wenyewe. Mgomba hauna mbegu. Huacha machipukizi shinani. Mkakao hungoja vidudu vidogo mno, mfano wa usubi, viuletee chavua, na mara nyingi chavua hiyo hutoka katika mti mwingine.

Wakulima wetu wayajua mambo hayo kwa macho yao. Wajua ya kuwa mbegu ya mpunga mzuri huzaa mpunga mzuri mwaka hata mwaka, maadamu haikuchanganywa. Lakini mbegu ya mkakao ulio bora kuliko yote shambani yaweza kuzaa mti usiofanana na mama yake hata kidogo. Kwa nini iwe hivyo? Kwa maelfu ya miaka wanadamu walilima, wakafuga, wakachagua mbegu, wala hakutokea mtu wa kulijibu swali hilo kwa hakika. Aliyelijibu kwanza hakuwa tajiri wala mwalimu mkuu wa chuo. Alikuwa padre mtawa, mwana wa mkulima maskini, ambaye hakupata kufaulu mtihani wa ualimu ijapokuwa aliujaribu mara mbili. Jina lake Gregor Mendel. Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu maisha yake, kwa maana yana faida kwa mzazi, kwa mwanafunzi, na kwa kila mwenye shamba.

Mwana wa mkulima

Alizaliwa mwezi wa Julai, mwaka wa 1822, katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho siku hizi huitwa Hynčice na kimo katika nchi ya Ucheki. Wakati ule nchi ile ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Akabatizwa jina la Johann. Baba yake, Anton, alikuwa na shamba dogo, lakini hakuwa mtu huru kamili, kwa kuwa sheria ya siku zile ilimlazimu kufanya kazi ya bwana mwenye ardhi siku tatu katika kila juma, bila ujira. Siku zilizobaki ndizo alizolima chakula cha mkewe Rosine na watoto wao watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja.

Pamoja na taabu hizo, Anton alipenda sana miti ya matunda. Paroko wa mahali pale, Padre Johann Schreiber, aliwafundisha wanaparokia wake kubebesha miti, yaani kukata kijiti cha mti mzuri na kukiunga juu ya shina la mti mwingine, ili matunda yawe yale yale ya mti wa kwanza. Mtoto Johann alimsaidia baba yake katika kazi hiyo. Somo lake la kwanza la urithi wa mimea alilipata hapo, mikononi mwa baba na kwa bidii ya paroko.

Waalimu waliona kwamba mtoto huyu ana akili, wakawashauri wazazi wampeleke mbele. Wazazi walikubali, ijapokuwa alikuwa mwana wao wa pekee wa kiume na shamba lilimhitaji. Kwanza akaenda mji wa Lipník, kisha akaingia shule kubwa ya Opava mwaka wa 1834. Wazazi hawakuweza kulipia chakula chake chote, hata mara nyingi alikaa na njaa. Tena mwaka wa 1838 msiba ukaipata nyumba yao. Baba yake alipokuwa katika kazi ya lazima msituni, gogo lilimwangukia na kumvunja kifua. Hakupata tena nguvu zake za zamani. Johann, kijana wa miaka kumi na sita, ikampasa ajitafutie riziki kwa kuwafundisha wenzake.

Mashaka hayo yalimwumiza mwili na roho. Mara kadha wa kadha aliugua, akarudi nyumbani kulala kitandani kwa miezi. Akakaribia kuyaacha masomo. Ndipo dada yake mdogo, Theresia, akafanya tendo ambalo hatupendi lipite bila kutajwa. Katika nchi ile, mali ya arusi hutoka kwa wazazi wa binti, wala haiji kwao kama ng'ombe wa mahari katika nchi ya Wanyakyusa. Theresia alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya arusi yake, akampa kaka yake aendelee na shule. Msichana yule hakujua njegere wala elimu ya urithi, ila alimwamini ndugu yake. Miaka mingi baadaye Mendel aliwasomesha wana watatu wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mtawa na mwalimu

Alipomaliza masomo yake katika mji wa Olomouc, mwalimu wake wa fizikia, Friedrich Franz, alimpendekeza kwa Monasteri ya Mtakatifu Thoma katika mji wa Brno, iliyo ya Shirika la Mtakatifu Agostino. Akapokelewa mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1843, akapewa jina la kitawa la Gregor. Abati wake, Cyrill Napp, alikuwa mtu wa elimu, mwenye kufahamu mambo ya ufugaji wa kondoo na ukulima wa matunda na mizabibu, na katika nyumba yake watawa walisali, wakafundisha, wakachunguza. Mendel alipata upadre mwaka wa 1847.

Akatumwa kuwahudumia wagonjwa, akashindwa. Si kwamba hakuwa na huruma. Huruma ilimzidi, hata kila alipowaona watu katika maumivu aliugua yeye mwenyewe. Abati Napp hakumkemea, bali alimtafutia kazi nyingine, akampeleka mwaka wa 1849 kufundisha shuleni katika mji wa Znojmo. Hapo alipendwa na wanafunzi. Walakini sheria ilitaka mwalimu awe na cheti, na Mendel alipofanya mtihani mwaka wa 1850, alianguka. Abati akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna kwa miaka miwili, tangu mwaka wa 1851. Huko alisikiliza mafundisho ya Christian Doppler katika fizikia, na ya Franz Unger katika elimu ya mimea. Katika fizikia alijifunza kupima na kuhesabu, na kwa Unger alijifunza kuuliza jinsi mimea inavyobadilika. Mwaka wa 1856 aliujaribu mtihani tena, lakini akaugua, akarudi nyumbani mikono mitupu. Hata mwisho wa kazi yake ya shule, mwaka wa 1868, alibaki mwalimu asiye na cheti kamili.

Njegere za monasteri

Mwaka ule ule wa 1856, Mendel alianza kazi iliyolifanya jina lake lisisahauliwe. Katika bustani ya monasteri alikuwa na kipande cha ardhi chenye urefu wa kama mita 35 na upana wa mita 7. Humo alipanda njegere.

Yafaa tufahamu kwa nini alichagua njegere. Njegere, kama mpunga wa Kyela, hujitungia mbegu yenyewe kabla ua halijafunguka, kwa hiyo kila aina hudumu katika sura yake. Mendel alikusanya aina 34, akazijaribu kwa miaka miwili ili ahakikishe kwamba kila moja huzaa mfano wake bila kubadilika, kisha akazichagua 22. Akaangalia tabia saba tu, zilizo rahisi kutofautishwa: punje ni ya mviringo au imekunjamana, ni ya manjano au ya kijani, mmea ni mrefu au mfupi, na kadhalika. Kila alipotaka kuunganisha aina mbili, alilifungua ua changa, akaondoa sehemu za kiume, akapaka chavua ya mmea mwingine kwa burashi ndogo, kisha akalifunika ua lisiingiwe na mdudu.

Watu wengi kabla yake walikuwa wamekwisha kuchanganya mimea. Mendel aliwapita kwa sababu alihesabu. Alipounganisha njegere za mviringo na zile zilizokunjamana, watoto wote walikuwa wa mviringo. Mtu mwingine angalisema mkunjo umekwisha kufa. Mendel aliwaacha watoto hao wajitungie mbegu wenyewe, akahesabu wajukuu: punje 5,474 za mviringo, na punje 1,850 zilizokunjamana. Katika rangi alipata punje 6,022 za manjano na 2,001 za kijani. Kila mara ilikuwa karibu tatu kwa moja. Kwa miaka minane, hata 1863, mimea kama 28,000 ilipita mikononi mwake.

Kutoka katika hesabu hizo aliitambua kanuni. Kila mmea una sehemu mbili za urithi kwa kila tabia, moja ya baba na moja ya mama. Sehemu moja yaweza kuifunika nyingine isionekane, lakini haiifuti. Mmea unapozaa, sehemu hizo mbili huachana, na kila mtoto hupokea moja tu kutoka kwa kila mzazi. Kwa hiyo tabia iliyofichika kwa watoto yaweza kuonekana tena kwa wajukuu, nzima kabisa. Kabla yake watu walidhani kwamba damu ya baba na mama huchanganyika kama maziwa na maji, yasiyoweza kutenganishwa tena. Mendel alionyesha kwamba urithi ni kama punje za mahindi meupe na mekundu katika kikapu kimoja: zachanganyika, lakini kila punje hubaki na rangi yake.

Wasomaji wetu wa Kyela wanao mfano wa karibu zaidi ya njegere. Harufu nzuri ya mpunga, katika aina nyingi zilizochunguzwa duniani, ni tabia ya kufichika. Mpunga wenye harufu ukiunganishwa na usio na harufu, watoto hawanukii. Lakini katika wajukuu, kama robo moja hunukia tena. Mwaka wa 2005 wataalamu waliitambua sehemu yenyewe ya urithi inayohusika na harufu hiyo, katika kromosomu ya nane ya mpunga. Na kromosomu ni zile nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi ndani ya kila chembe hai.

Miaka ya kusahauliwa

Mwezi wa Februari na mwezi wa Machi, mwaka wa 1865, Mendel aliisoma kazi yake mbele ya chama cha elimu ya viumbe cha mji wa Brno, na mwaka uliofuata ikapigwa chapa. Akapata nakala 40 za kuwapelekea wataalamu. Wasikilizaji walikuwa na adabu, lakini hakuna aliyeelewa uzito wa habari ile. Mtaalamu Karl Nägeli wa München aliandikiana naye kwa miaka, na Mendel akajaribu mmea mwingine wa porini wenye maua ya manjano. Kwa bahati mbaya mmea ule huzaa mbegu bila kuunganisha baba na mama, na watoto wake hufanana na mama tu, kama chipukizi la mgomba. Jambo hilo halikujulikana hata mwanzo wa karne ya 20. Mendel alitumia nguvu nyingi na kuyachosha macho yake kwa mimea ambayo haikuweza kuithibitisha kanuni yake.

Mwaka wa 1868 ndugu zake walimchagua awe abati. Tangu hapo kazi za utawala zilimzidi. Aliendelea kufuga nyuki na kupima mvua na upepo, lakini majaribio makubwa yalikoma. Tangu 1874 aliingia katika ugomvi mrefu na serikali kwa sababu ya kodi mpya iliyowekwa juu ya monasteri. Aliiona kuwa si ya haki, akakataa kuilipa hata kufa kwake. Rafiki wengine walimwacha. Akafariki dunia tarehe 6 Januari 1884, sikukuu ya Tokeo la Bwana, kwa ugonjwa wa figo. Maskini wa Brno walimlilia kwa kuwa alikuwa mkarimu. Wataalamu wa dunia hawakujua kwamba mmoja wa wakubwa wao ameondoka. Karatasi zake nyingi za kazi zilichomwa moto.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka wa 1900, wataalamu watatu katika nchi tatu, Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, waliitangaza kanuni ile ile, na katika kutafuta vitabu vya zamani wakaona kwamba abati wa Brno aliwatangulia kwa miaka 34. Tangu siku ile elimu ya urithi ikakua upesi, na kanuni zake zikaitwa kwa jina la Mendel.

Tusifiche ya kwamba wako waliomshuku. Mwaka wa 1936 Mwingereza Ronald Fisher, bingwa wa hesabu, alisema kwamba tarakimu za Mendel zakaribia mno kanuni, kana kwamba zilisafishwa. Wataalamu wamebishana juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Walakini kanuni yenyewe imejaribiwa mara zisizohesabika, katika mimea, wanyama na watu, nayo imesimama.

Kutoka njegere hata miti mirefu

Pengine msomaji atauliza, je, kanuni ya njegere yahusu miti nayo? Yahusu, na hapa twaona jinsi elimu ya urithi ilivyobadilisha hata namna ya kupanga jamaa za miti.

Zamani miti ilipangwa kwa sura tu. Linnaeus wa Sweden aliweka mwaka wa 1753 utaratibu wa kuipa kila aina majina mawili ya Kilatini, nao ndio mkakao ulipopata jina la Theobroma cacao, ambalo neno lake la kwanza kwa Kiyunani lamaanisha chakula cha miungu. Mwaka wa 1847, ndio mwaka wa upadrisho wa Mendel, Stephan Endlicher wa Vienna aliipa jina la Sequoia miti mikubwa yenye mbao nyekundu ya California, Marekani. Mmoja wa miti hiyo ndio mrefu kuliko miti yote iliyo hai, kama mita 116. Ndugu yake wa milimani, mnene kuliko wote, aliwekwa katika ukoo mmoja naye kwa muda mrefu, hata 1939 alipotengwa na kupewa ukoo wake. Ndugu wa tatu alijulikana kwa alama zake katika mawe tu, akadhaniwa amekufa zamani. Kumbe katika miaka ya 1940 akaonekana yu hai nchini China.

Walipohesabu kromosomu zao, wataalamu walistaajabu. Mti wa milimani na ule wa China una kromosomu 22 kila mmoja, yaani seti mbili, kama ilivyo desturi. Lakini ule mrefu wa pwani una 66, yaani seti sita. Wengine walidhani umetokana na kuchanganyika kwa miti ya koo mbalimbali. Uchunguzi wa karne hii waelekea kuonyesha kwamba seti zote sita zimetoka katika ukoo wake wenyewe, zikirudufika.

Mkulima wa Busale asidhani jambo hilo ni la mbali. Migomba yake mingi ina seti tatu. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa kwa mbili, ndiyo sababu ndizi hazina mbegu. Seti sita zaweza kugawanyika, kwa hiyo mti ule wa California huzaa mbegu. Tena ukikatwa huchipua shinani, na watoto husimama kuzunguka kisiki cha mama yao, kama vile migomba inavyofanya nyuma ya nyumba zetu.

Elimu hiyo imetuonyesha undugu tusioutazamia. Mwangati wa milima ya Afrika ya Mashariki, ambao mbao zake zilitengenezwa penseli, Wazungu waliuita mwerezi. Si mwerezi. Mierezi ya Lebanoni ni ya jamaa ya misonobari. Mwangati ni wa jamaa ya miberoshi, na miti mikubwa ya California, iliyokuwa na jamaa yake mbali, imeunganishwa katika jamaa hiyo hiyo. Basi mwangati wetu ni binamu wa mti mrefu kuliko yote duniani. Wa jamaa hiyo pia ni mti wa mlima Mulanje, nchini Malawi, ambao ndio mti wa taifa lile ng'ambo ya mto Songwe. Kwa muda fulani ulihesabiwa kuwa aina moja na ndugu yake wa kusini aliyeenea sana. Ulipotengwa ukajulikana kuwa aina ya peke yake, haupatikani kwa asili mahali pengine popote duniani, na wakati huo wenye mashoka walikuwa wamekwisha kuukata karibu kuumaliza. Kosa la kupanga jina laweza kuuficha msiba wa mti mzima.

Mkakao nao umehamishwa nyumba. Kwa uchunguzi wa urithi, mwishoni mwa karne ya 20, jamaa yake ya zamani iliunganishwa na jamaa ya pamba na bamia, na mbuyu ukaingia humo. Tena zamani wafanyabiashara waliigawa mikakao katika makundi matatu kwa sura na ladha ya tunda. Mwaka wa 2008 uchunguzi ulionyesha makundi kumi kwa kufuata urithi wake. Hii si habari ya maktaba tu. Kyela ndiyo inayoongoza Tanzania kwa kakao. Kuna miti iliyo hodari kushinda ugonjwa, na kuna iliyo dhaifu. Atakayechagua mbegu bila kujua urithi wake hutupa kura gizani.

Tunalojifunza

Basi sasa twaweza kulijibu swali la mwanzo. Mpunga hudumu kwa sababu hujioa wenyewe. Adui wake mkubwa ni mkono wa mtu anayechanganya mbegu ghalani au kitaluni. Mzee anayetenga masuke yake ya mbegu, akayaanika peke yake na kuyahifadhi peke yake, analinda tabia iliyofichika ambayo ikichanganywa haionekani kwa urahisi tena. Mkakao huoana na jirani. Punje za tunda moja zaweza kuwa na baba tofauti. Kwa hiyo anayependa mti fulani kwa wingi wa matunda yake asitegemee punje tu, bali aubebeshe, kama Anton Mendel alivyobebesha miti yake miaka mia mbili iliyopita. Na migomba, kwa kuwa chipukizi na mama ni kitu kimoja, ugonjwa unaoweza kumwua mmoja waweza kuwaua wote. Ndiyo sababu ni busara kuwa na aina nyingi za migomba, wala si moja tu iliyo na bei sokoni.

Kwa wazazi tuna neno jingine. Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka, katika nyumba nyingi kuna mtoto anayeketi kimya pembeni, na wakubwa wanaomhesabu kuwa amekwisha. Twawaomba wakumbuke mtu aliyeanguka mara mbili katika mtihani wa ualimu, na ambaye siku hizi hakuna mwalimu wa elimu ya viumbe anayeweza kufundisha bila kumtaja. Hatusemi kuanguka ni kuzuri, wala hatusemi kila aliyeanguka ni Mendel. Twasema kwamba Mendel asingalifika popote bila baba aliyemwachilia kutoka shambani, dada aliyetoa mali ya arusi yake, mwalimu aliyempendekeza, na abati ambaye, alipoona kijana huyu ameshindwa kazi moja, alimtafutia nyingine. Watu hao wanne hawakugundua kitu chochote, na majina ya wengine kati yao yanajulikana na wachache tu.

Mwaka wa 2021, ulipokaribia mwaka wa mia mbili wa kuzaliwa kwake, wataalamu walilifungua kaburi la Waagustino katika mji wa Brno, kwa idhini ya watawa wenyewe, wakaichunguza mifupa ya Abati Mendel. Kwa elimu iliyoanza katika bustani yake, waliusoma urithi wake yeye mwenyewe, wakaona ndani yake alama za maradhi, pamoja na ya figo yaliyomwua. Alama hizo alizipokea kwa Anton na Rosine, nusu kwa baba na nusu kwa mama, kama kila njegere aliyoipanda.